Marejeo hayaanzii ukurasa wa mwisho

Muhula ukikaribia kufungwa, maduka ya steshenari yaliyojipanga nje ya mageti ya vyuo vya Dodoma hayalali. Wanafunzi wanaingia na flashi, wanachapa, wanabana, wanaweka jalada la plastiki. Na kuna ombi ambalo kijana wa kompyuta amelizoea kuliko mengine: "Kaka, niwekee na marejeo hapo mwisho, ya APA." Anataka orodha ya vyanzo iliyopangwa kwa mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, unaotumiwa na vyuo vingi. Naye anaweka. Ana orodha zake tayari, za menejimenti, za maendeleo ya jamii, za ualimu. Anabandika vitabu kumi, anavipanga kwa alfabeti, kazi inatoka imenyooka. Aliyeandika asaimenti hajavisoma vitabu hivyo. Aliyeviweka hajavisoma pia. Na mara nyingine hata atakayesahihisha hajavisoma, kwa hiyo kazi inapata alama zake bila mtu yeyote kusumbuliwa.

Tumezoea kuliita jambo hili udanganyifu na kufunga mjadala. Naona jina hilo linatupumzisha mapema mno. Wapo wanaodanganya kwa makusudi, na hao dawa yao inajulikana. Lakini wengi wanaoomba kuwekewa marejeo wanaamini kwa dhati kwamba marejeo ni kitu cha kuwekwa, sehemu ya jalada. Imani hiyo hawakuipata steshenari. Waliipata darasani.

Angalia urejeleaji unavyofundishwa. Mwaka wa kwanza, ndani ya kozi ya stadi za mawasiliano, ukumbi una mamia ya wanafunzi na mhadhiri ana saa mbili. Katika saa mbili anachoweza kufundisha ni alama za uandishi: jina la ukoo, mkato, herufi ya kwanza ya jina, nukta, mwaka kwenye mabano, jina la kitabu kwa italiki. Mwanafunzi anakariri, anajibu swali la mtihani, anasahau. Kisha anapita miaka miwili akifanya kazi za makundi ambamo wawili wanaandika na wanane wanachanga hela ya kuchapa. Mwaka wa mwisho anapewa msimamizi wa utafiti, na hapo ndipo chuo kinakumbuka kumwuliza: haya umeyatoa wapi?

Swali zuri, ila limechelewa. Huyu ametumia miaka 13 kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha sita akipewa alama kwa kurudisha hoja alizopewa. Utangulizi, hoja tano, hitimisho. Desa alilosomea, zile nukuu zinazodurufiwa na kupitishwa mkono kwa mkono, halikuwa na jina la mwandishi, na mara nyingi halikuwa hata na jina la shule lilikotoka. Hakuna aliyemwambia kwamba kila hoja ina mtu aliyeitoa, mahali alipoitoa na mwaka alipoitoa, na kwamba mwingine anaweza kuwa amempinga.

Si kwamba wazo lenyewe ni geni kwetu. Aliyepita madrasa, Kondoa au kwingineko, anajua kuwa hadithi ya Mtume haipokelewi bila isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi: nani kasema, kapokea kwa nani, na huyo naye kapokea kwa nani. Mzee wa Kigogo anayesimulia habari za njaa za zamani atakwambia hili nililiona kwa macho yangu na hili niliambiwa na babu. Watu wetu wanajua kutenganisha cha kusikia na cha kuona. Shule ndiyo inayowasahaulisha, halafu chuo kinawakaripia kwa kusahau.

Ongeza hapo suala la lugha. Mwanafunzi alisoma msingi kwa Kiswahili, akavushwa sekondari kwa Kiingereza, na sasa anatakiwa kusoma makala ya kurasa 20 ya Kiingereza na kuieleza kwa maneno yake. Maneno gani yake? Akiifunga makala hawezi kuandika sentensi ya Kiingereza iliyosimama, hivyo haifungi. Anaiacha wazi pembeni, anabadili neno moja moja, anaruka kifungu, anaunganisha na kifungu cha makala nyingine. Mwanazuoni wa Marekani Rebecca Moore Howard aliuchunguza uandishi huu wa viraka miaka ya 1990 na kudai kuwa mara nyingi ni hatua ya mtu anayejaribu kuingia katika lugha ngumu ya taaluma, wala si wizi wa moja kwa moja. Nakubaliana naye nusu. Hatua ni hatua pale tu mtu anapopita. Wa kwetu wanahitimu nayo.

Tuchukue kazi moja ya kawaida tuone tofauti. "Jadili athari za ongezeko la watu katika huduma ya maji jijini Dodoma." Wengi wataandika kwanza, watatafuta baadaye. Utangulizi utasema maji ni uhai. Aya ya pili itasema watu wameongezeka sana tangu Serikali ihamie. Sana kiasi gani? Hakuna. Kwa mujibu wa nani? Hakuna.

Anayeijua kazi ataanzia kwenye hilo "sana". Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao makuu hapa hapa Dodoma, na matokeo ya sensa yako wazi kwenye tovuti yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 3,085,625. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 48, wakati nchi nzima, iliyotoka 44,928,923 hadi 61,741,120, iliongezeka kwa asilimia 37 hivi. Tayari kuna sentensi yenye uzito: Dodoma imekua haraka kuliko nchi kwa jumla. Lakini mwenye kudadisi hatulii. Takwimu hizi ni za mkoa, ndani yake kuna Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa, na kazi inauliza jiji. Basi arudi kwenye majedwali ya wilaya. Tena, azma ya Serikali kuhamia ilitangazwa upya 2016, ilhali sensa ya kwanza ni ya 2012. Miaka minne ya mwanzo haiwezi kubebeshwa watumishi waliohamishwa. Hajaandika aya hata moja, lakini swali limeshakuwa la kwake, na sentensi ya "tangu Serikali ihamie" hawezi tena kuiandika kwa mazoea.

Kwenye maji kuna utajiri zaidi. Kwa miaka mingi jiji limetegemea visima vya bonde la Makutupora, huko Mzakwe, kaskazini mwa mji. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha makala ya Richard Taylor na wenzake, Watanzania wakiwamo, iliyochambua vipimo vya kina cha maji ya ardhini Makutupora vya miaka 55. Walionesha kwamba maji hayo hushuka kwa miaka mfululizo kisha hujazwa kwa vipindi, na kwamba sehemu kubwa ya kujazwa huko hutokana na misimu ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, ile inayoambatana na El Niño na mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi. Mwanafunzi wa Dodoma anaoga maji hayo, halafu kwenye asaimenti yake ananukuu blogu ya kampuni ya kuuza pampu iliyoko bara jingine.

Sasa tuseme ameipata makala. Anaweza kuitumia vibaya akiwa ameitaja. Anachukua sentensi ya waandishi, anaweka "huteremka" badala ya "hushuka", "nyakati" badala ya "vipindi", anaacha mpangilio kama ulivyo, na mwishoni anaandika Taylor na wenzake, 2013. Hushangaa akiambiwa kuwa huo nao ni wizi wa maandishi. Chanzo si nimekitaja? Umekitaja, ndiyo, lakini kwa kuacha alama za kunukuu umedai kwamba maneno ni yako na wazo tu ndilo la Taylor. Si kweli.

Mwingine anasoma, anafunga kompyuta, anakaa kidogo, kisha anaandika hivi: "Si kila masika hujaza visima vya Makutupora. Kwa mujibu wa Taylor na wenzake (2013), waliopitia vipimo vya miaka 55, akiba hupungua kwa miaka kadhaa na kurudishwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa." Halafu anaongeza sentensi moja: "Kama ndivyo, kuongeza visima ili kukidhi idadi ya watu ya 2022 kunaongeza kasi ya kuchota bila kuongeza kasi ya kujaza."

Sentensi hiyo ya mwisho haina chanzo, na haihitaji. Ni ya mwanafunzi. Na sisi tunaosoma tunaijua kuwa ni yake kwa sababu zile za kabla yake zimewekewa mpaka. Watu husema marejeo ni adabu kwa waliotangulia, na ni kweli, lakini mimi naona faida kubwa iko upande wa mwandishi. Usipoonesha kilicho cha Taylor, hakuna anayeweza kukiona kilicho chako, na mhadhiri hana mahali pa kuweka alama za fikra. Kazi isiyo na vyanzo inamdhulumu kwanza aliyeiandika.

Ndiyo maana nasema marejeo yanaanza kwenye daftari, siku ya kusoma. Andika maneno ya mwandishi kama yalivyo ndani ya alama za kunukuu, na namba ya ukurasa. Chini yake eleza kwa maneno yako, kwa Kiswahili kama ndiyo lugha unayoifikiria; Kiingereza kitakuja baadaye, na kikija kitatoka kwenye daftari lako, si kwenye sentensi ya mwenzako. Kisha andika unachobishana nacho. Watu wengi huruka hili la mwisho na ndilo linalozaa kazi yenye uhai. Zile koma na nukta waachie programu kama Zotero, ambayo ni ya bure na ilianzishwa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Ila ikague. Inachukua ilichokuta kwenye ukurasa, na ikikuta jina la tovuti mahali pa jina la mwandishi italiweka bila aibu.

Kuna kisingizio kimoja nakisikia sana: vyanzo hakuna, makala zote ni za kulipia. Si kweli kwa kiwango hicho. Vyuo na taasisi za Tanzania vinaweza kuingia kwenye majarida mengi kupitia mpango wa Research4Life, African Journals Online inabeba majarida ya Afrika na mengi yanasomwa bure, na mkutubi wa chuo analipwa kukuonesha njia. Ni mtu anayeachwa peke yake kuliko wote chuoni.

Na ukiwa Dodoma kisingizio hicho ni chepesi zaidi. Huu ndio mji ambamo nyaraka za nchi zinatengenezwa. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, hansadi, zinaandikwa hapa. Hotuba za bajeti za wizara zinasomwa hapa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinajadiliwa hapa. Ukiandika kuhusu zabibu, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kipo ndani ya jiji. Mwanafunzi wa Chuo cha Mipango, wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wa St. John's au wa Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) anaweza kufikia kwa daladala vyanzo ambavyo mtafiti wa Ulaya anaombea ruzuku ili avifikie.

Kwa nini hawavitumii? Sababu moja haizungumzwi: hansadi ni ya Kiswahili. Hotuba ni za Kiswahili. Na mwanafunzi ameshajengewa dhana kwamba chanzo cha Kiswahili si cha kitaaluma, kitamshushia alama. Hakuna kanuni ya APA wala ya Harvard, mtindo mwingine wa marejeo, inayosema hivyo. Ya APA inataka uandike jina la nyaraka kama lilivyo, na ukiwa unaandika kwa Kiingereza uweke tafsiri yake kwenye mabano ya mraba. Basi. Anayeandika kuhusu Wagogo na kumwacha Mathias Mnyampala, mwenyeji wa Dodoma aliyechapisha historia, mila na desturi za Wagogo kwa Kiswahili mwaka 1954, akakimbilia muhtasari wa intaneti, hajakosea koma. Amekosea chanzo. Nawalaumu wahadhiri hapa kuliko wanafunzi, maana nimewasikia wengine wakisema waziwazi kwamba vyanzo "vya kimataifa" ndivyo vinavyohesabika.

Mahojiano nayo yana njia yake. Ukiongea na mwenyekiti wa mtaa Chang'ombe, beba barua ya utambulisho ya chuo, mwombe ridhaa, andika tarehe. APA huyataja mazungumzo ya namna hiyo ndani ya maandishi tu, wala hayaingii kwenye orodha ya mwisho, kwa kuwa msomaji hawezi kuyapata akayasoma. Wengi huyaweka huko au huyatupa kabisa.

Majina yetu nayo yanaleta vurugu ndogo. Salim Juma Ali anakuwa Ali, S. J., ingawa mtaani wanamjua kwa Salim na Ali ni babu yake. Utakuta kazi moja ikimtaja mwandishi yule yule mara tatu kwa majina matatu, na msomaji anadhani ni watu watatu. Chagua utaratibu mmoja, ushike hadi mwisho. Pia toleo la saba la APA, la 2019, liliondoa mji wa mchapishaji. Vijitabu vya mwongozo vya idara fulani bado vinaudai. Fuata kinachodaiwa na idara, maana ndiyo inayotoa alama.

Sasa akili bandia. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kijana wa steshenari amepata mshindani. Mwanafunzi anaomba vyanzo kumi kuhusu maji Dodoma, anavipata kwa sekunde, vimepangwa vizuri, vina majina ya waandishi, majarida na namba za kurasa. Baadhi havipo duniani. Mashine hizi hutunga sentensi zinazofanana na za kweli, na rejeo ni aina ya sentensi. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi za mfano zilizobuniwa na mashine hiyo. Walikuwa wanasheria wazoefu. Wa mwaka wa pili Dodoma atapona vipi kama hajafundishwa kufungua chanzo kabla ya kukiandika?

Programu za kubadili maneno hazina nafuu. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac na wenzake walifichua makala za kisayansi zilizojaa misemo iliyoteswa: saratani ya matiti imegeuzwa hatari ya kifuani, akili bandia imegeuzwa fahamu ya kughushi. Mashine ilikuwa inakwepa kunaswa. Kicheko kinaisha ukikumbuka kwamba makala hizo zilipita kwa wahariri.

Vyuo vimejibu kwa kununua programu za kupima mfanano, Turnitin ikiwa mashuhuri zaidi, na kuweka kikomo cha asilimia. Hapo ndipo tumepotea. Programu hiyo hupima maneno yanayofanana na yaliyomo kwenye hazina yake. Haijui wizi ni nini. Kazi yenye asilimia 30 inaweza kuwa safi, mfanano ukitoka kwenye vifungu vya sheria vilivyonukuliwa ipasavyo na kwenye orodha ya marejeo. Yenye asilimia 8 inaweza kubeba aya nzima ya kuiba, au wazo lote lililotafsiriwa kutoka Kiingereza ambalo programu huenda isilinase. Lakini mwanafunzi aliyeambiwa ashushe asilimia atashusha asilimia. Atateka maneno, atayatesa, atalipa mtu. Tumemfundisha kuiogopa namba badala ya kumjali mwandishi anayemnukuu.

Najua jibu la wahadhiri: nina wanafunzi 300, nitasoma lini daftari la kila mmoja? Ni hoja ya haki, na wakuu wa vyuo wanaopanga madarasa ya ukubwa huo wanapaswa kuijibu wao. Hata hivyo kuna kinachowezekana kesho bila bajeti. Punguza kazi za makundi ya watu kumi. Moja kwa muhula inatosha. Dai vyanzo vitatu vilivyosomwa badala ya kumi na tano vilivyopangwa. Kisha, wakishakusanya, chagua wanafunzi 15 kwa kura, uwaite mmoja mmoja kwa dakika tano, uweke kidole kwenye rejeo mojawapo na kumwuliza huyu alisema nini, na wewe unamkubalia wapi. Tangaza kura hiyo wiki ya kwanza ya muhula, siku ile ile unayotoa swali, na iwe na alama za kozi wok, zile za kazi za muhula, ili anayefikiria kununua orodha ajue mapema kwamba anaweza kuitwa kuieleza.